Huyu Si wa Hapa

Masomo: Mambo ya Walawi 19:33-36, Waefeso 2:11-22



Tunawaandikia ninyi mlio mjini Tabora na ninyi wa makanisa ya vijijini, ambao gazeti hili huwafikia likiwa limechelewa, limekunjwa ndani ya mfuko wa mwinjilisti juu ya baiskeli. Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya sala, juu ya ndoa, na juu ya zaka. Mwezi huu hatuna budi kuandika juu ya maneno manne yaliyosemwa ndani ya kanisa. Sisi tuliyasikia, wala hatukuyajibu.

Ilikuwa siku ya kuchagua wazee wa kanisa. Jina la ndugu mmoja lilitajwa. Ni mtu tunayemfahamu sote: hufundisha watoto Jumapili, na mvua ilipoezua paa la kanisa yeye ndiye aliyepanda juu kugongomea mabati. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972, naye alizaliwa Ulyankulu. Jina lake lilipotajwa, sauti ikatoka viti vya nyuma: “Huyu si wa hapa.” Wachache wakacheka. Ndugu yule akasimama, akaomba kwa upole jina lake liondolewe, akaketi. Uchaguzi ukaendelea. Nasi watumishi tuliokaa mbele tukatazama karatasi zetu, kana kwamba kulikuwa na jambo kubwa limeandikwa humo.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema kama desturi yake, akafagia kanisa, akapanga viti. Hakulalamika kwa mtu. Tungalifurahi kama angalilalamika, maana hapo tungalipata la kumwambia. Kimya chake kimetuchoma kuliko shitaka.

Mungu anasema nini

Kwanza tulisikilize Neno. Katika sura ya 19 ya Walawi, Mungu anawaamuru Waisraeli wasimwonee mgeni akaaye katika nchi yao. Wamhesabu kuwa sawa na mzalia, wampende kama kila mmoja ajipendavyo nafsi yake. Sababu anayotoa ni fupi: ninyi nanyi mlikuwa wageni kule Misri. Angalieni kwamba Mungu hasemi mgeni apendwe kwa kuwa ni mwema, au kwa kuwa ana faida, au kwa kuwa amekaa miaka mingi. Anawarudisha Waisraeli kwenye kumbukumbu yao wenyewe. Mtu aliyesahau kwamba baba yake alilala nje hawezi kumfungulia mlango anayebisha usiku.

Tena someni mstari unaofuata. Mara tu baada ya kumtaja mgeni, Mungu anataja mizani, mawe ya kupimia, na vipimo vya nafaka, kwamba viwe vya haki. Ninyi mnaolima tumbaku hamhitaji kufundishwa juu ya mizani. Mnajua uchungu wa mwaka mzima wa kulima na kukausha, kisha mzigo ukafika sokoni na kupimwa kwa hila. Basi Mungu aliweka habari ya mgeni na habari ya mizani mahali pamoja, nasi tunaona kwamba ni jambo moja. Siku ile kanisani tulikuwa na mawe mawili ya kupimia. Kwa waliozaliwa kwa wazazi wa Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha tuliuliza: Je, amebatizwa? Ni mshiriki? Mwenendo wake ni mwema? Kwa ndugu yule tuliongeza jiwe la nne, ambalo Kristo hakuliweka: Baba yake alitoka wapi?

Mtume Paulo anawaandikia Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliotenga watu wawili. Wasomaji wake walijua ukuta halisi. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, nao ulikuwa na maandishi yaliyomwonya mtu wa mataifa asiupite, akipita atajitakia kifo. Mwaka 1871 jiwe mojawapo lenye maandishi hayo lilipatikana Yerusalemu. Maneno ya onyo yalikuwa yangali yanasomeka, lakini ukuta wenyewe haukuwapo tena. Paulo anasema kwamba msalaba ulitangulia kuubomoa. Kwa hiyo kila tusemapo kanisani kwamba fulani si wa hapa, tunaokota mawe ya ukuta ule na kuanza kuujenga upya mbele ya Meza ya Bwana.

Njia iliyotufanya

Labda mtu atasema kwamba Waisraeli walikuwa Misri, lakini sisi wa Tabora hatukuwa popote. Ndugu, hilo si kweli. Huenda hakuna mji katika bara ya Tanzania uliojengwa na wageni kama mji wetu.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Hapa walijenga Waarabu waliotoka Oman na Unguja, na Waswahili wa pwani. Wahindi walifuata na maduka yao. Wamanyema walitoka ng’ambo ya ziwa, wengi wao wakiwa wamefungwa kamba shingoni, maana njia ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa pia, na dhambi hiyo haifai kufichwa. Reli ilipofika mwaka 1912 ilileta wengine. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani mjini, wakiwa na askari wa Kongo. Miembe tunayojivunia haikuwa miti ya nchi hii. Ililetwa na wageni, nasi leo tunakula matunda yake bila kuuliza baba yake alitoka wapi.

Wala hatukuwa wenyeji tu. Wazee wa Kinyamwezi walikuwa wasafiri kuliko watu wote wa nchi hii. Walibeba mizigo ya kilo thelathini na zaidi miezi mitatu hadi pwani, wakakaa Bagamoyo na Unguja kama wageni wakingoja safari ya kurudi. Wakati wa mkonge, vijana wa Unyamwezi, Usukuma na Uha walikwenda Tanga kuwa manamba, wakaitwa kwa namba na kudharauliwa kuwa ni watu wa bara. Wengine walikwenda magharibi. Msiri alitoka upande wetu akaenda Katanga, akawa mtawala mkubwa hadi alipouawa mwaka 1891, na uzao wa watu wake, Wayeke, wako Kongo mpaka leo. Tunamtaja Msiri kwa makusudi. Yeye hakuwa mgeni mpole, bali alitawala kwa mkono mgumu. Hatusemi kwamba kila mgeni ni malaika. Tunasema tu kwamba hakuna mtu kwetu anayeweza kusimama na kusema kwamba jamaa yake haikuwahi kuwa ugenini.

Je, wazee wetu waliishije na watu wa njiani? Wengi wenu mnajua: kwa utani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo na makabila mengine ulikua katika njia hii ya misafara. Mpagazi aliyeugua mbali na kwao hakuwa na mama wala ndugu, lakini alikuwa na watani. Walimtukana kwa kicheko, wakampa chakula, na akifa walimchimbia kaburi. Hata leo mtani ana kazi yake msibani. Wazee wale wengi hawakujua kusoma Walawi, lakini walielewa kwamba mtu hawezi kupita katika nchi isiyo yake bila kuwa na mtu wa kumzika. Walitengeneza undugu kwa watu wasio wa damu moja. Sisi tuliobatizwa katika Kristo mmoja tungeona haya kuwa na undugu mwembamba kuliko ule wa wapagazi.

Neno lililosemwa Tabora mwaka 1958

Yako mambo mengine ya mji huu ambayo vijana wetu hawakusimuliwa. Mwezi Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ilikuwa dhuluma, maana Waafrika walikuwa wengi mno kupita wengine. Wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule hapa na kufundisha hapa, aliwaomba waingie hivyo hivyo, na baada ya mabishano makali wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga, akaanzisha chama chake cha kudai Afrika kwa Waafrika peke yao. Hasira yake haikuwa bila sababu, na wengi waliokuwa na vidonda vya ukoloni waliielewa. Lakini katika uchaguzi wa Rais mwaka 1962 hakufikisha kura mbili katika kila mia.

Jambo lilirudi tena mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, au wasio Waafrika wangojeshwe. Mwalimu aliwajibu kwa ukali kuliko kawaida yake. Aliwaambia kwamba kuujenga uraia juu ya rangi ya ngozi ni kufuata njia ya Hitler na Verwoerd, na kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuifuata. Sheria ikapita bila kutaja rangi.

Hatuandiki haya ili kumsifu mwanadamu. Tunaandika kwa sababu wako wanaodhani kwamba kuwapokea watu wengine ni fikra mpya kutoka nje. Fikra hiyo iligombaniwa hapa, katika mji wetu, na wazee wetu wakaichagua huku wakiwa wamedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ana kishawishi kikubwa cha kudhulumu zamu yake ifikapo. Wao walikishinda.

Neno lile lile katika mataifa

Leo neno hili linasikika duniani kote. Katika nchi nyingi za Ulaya vyama vinavyotaka taifa liwe la wenye damu yake vimepata nguvu tena, na watu wanaokumbuka vita ya mwaka 1939 hadi 1945 wana hofu. Uingereza, ambako Kanisa letu lilipata wamisionari wake wa kwanza, wasichana wadogo watatu waliuawa katika mji wa Southport mwezi Julai 2024. Uvumi ukaenea kwamba mwuaji ni mkimbizi aliyeingia kwa mashua. Ulikuwa uongo, maana kijana yule alizaliwa Cardiff. Lakini umati ulikuwa umekwisha kuushambulia msikiti, na huko Rotherham watu wakajaribu kuichoma hoteli iliyokuwa na waomba hifadhi ndani. Uongo haukungoja kuulizwa. Ulipata mioyo iliyokwisha kukauka kama nyasi za mwezi wa Septemba.

Tusiwanyoshee Wazungu kidole kwa haraka. Afrika ya Kusini, mwezi Mei 2008, Waafrika waliwaua Waafrika wenzao, watu wapatao sitini, wengi wao kwa sababu walikuwa wametoka Msumbiji, Zimbabwe na kwingineko. Watoto wa nchi ambayo wakimbizi wake tuliwalisha hapa Tanzania walisahau kwamba walikuwa wageni. Uganda, mwezi Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke, na wengi walishangilia wakigombea funguo za maduka. Halmashauri ya mji wa Leicester huko Uingereza ilitoa tangazo katika gazeti la Kampala kuwaomba watu hao wasije kwake. Hivyo watu wale wale waliambiwa na nchi mbili kwamba si wa hapa: huku walikotoka na kule walikokuwa wakienda.

Na Rwanda, jirani yetu wa karibu? Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba majirani zao walitoka mbali na wanapaswa kurudishwa huko. Baadaye redio ikawaita mende na nyoka. Kuanzia Aprili 1994, katika miezi mitatu, waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia laki nane, wengi wao ndani ya makanisa walimokimbilia. Waliowaua walikuwa wamebatizwa. Wachungaji wengine walikufa pamoja na kondoo wao, na wengine, hata katika makanisa yetu ya Anglikana, walinyamaza au walifanya mabaya kuliko kunyamaza. Hatusemi kwamba aliyepaza sauti nyuma ya kanisa letu ni mwuaji. Ni ndugu yetu, na huenda alidhani anatania. Lakini moto ule haukuanza na panga. Ulianza na neno dogo, kicheko kidogo, na viongozi waliotazama karatasi zao.

Watu wa Ulyankulu

Sasa tuwaseme ndugu zetu hawa. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi. Walimu, wanafunzi, makarani na wakulima wa Kihutu waliuawa kwa makumi ya maelfu, na waliopona wakakimbilia Kongo, Rwanda na kwetu. Serikali yetu ilianzisha makazi ya Ulyankulu katika mkoa huu, kisha Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walipelekwa porini, penye ndorobo na simba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walipewa jembe, nao wakalishika. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na baada ya miaka michache walijilisha wenyewe na kuuza ziada. Vijiji vyao viliitwa kwa barabara. Ni nani kati yetu mwenye umri ambaye hakuisikiliza Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu? Tuliimba nyimbo zao msibani kwetu, wala hakuna aliyesema kwamba wimbo huo si wa hapa.

Mwaka 2007 Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi waliomba uraia. Hapo ikaanza miaka migumu. Waliambiwa kwamba watakaokubaliwa watahamishwa na kutawanywa katika mikoa mingine, basi watu wakaacha kujenga, na wengine wakaacha kupanda miti, maana hakuna apandaye mwembe ambao hataula. Mwishowe mpango wa kuwahamisha ulisimamishwa, na mwezi Oktoba 2014 vyeti vya uraia vikaanza kutolewa kwa watu wapatao 162,000. Ni mara chache sana katika dunia hii nchi yo yote, tajiri au maskini, kufanya jambo kama hilo kwa mara moja. Nchi kubwa zilitusifu. Tuna haki ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya nchi yetu.

Lakini cheti hutolewa na Serikali, na moyo haupewi na Serikali. Mtu anaweza kuwa raia katika daftari la Wizara na kubaki mkimbizi katika kiti cha kanisa. Kazi iliyobaki ni yetu.

Kwa wenye hofu

Wako watakaosema: Watumishi wetu mnaongea mambo mepesi. Ardhi inapungua. Vijana wetu hawana kazi. Mipakani bunduki na majambazi vimeingia. Mwaka 1994 watu robo milioni waliingia Ngara kwa siku moja, na misitu na visima viliisha. Je, nchi isilinde mipaka yake?

Tunajibu kwamba hofu hizo hatuzidharau. Kuipenda nchi si dhambi. Bwana Yesu aliulilia mji wa Yerusalemu. Serikali ina haki ya kujua nani anaingia na kumkamata mhalifu, awe mgeni au mzalia. Torati yenyewe inasema katika Hesabu 15 kwamba mzalia na mgeni wawe na sheria moja. Sheria moja maana yake mgeni naye anatii, analipa kodi, anaheshimu mila za watu. Lakini maana yake pia mzalia hana ruhusa ya kumwonea. Mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji Kagera, Geita na Kigoma, waliondolewa hata watu waliokaa miaka mingi na kuoa na kuolewa hapa, na jamaa zikagawanyika, mama huku na watoto kule. Mkristo anaweza kutaka sheria ifuatwe, na papo hapo akalia kwa ajili ya mtoto yule. Asiyeweza kulia ajichunguze kama anachopenda ni nchi au ni damu. Kuabudu damu ya kabila au ya taifa ni kuabudu sanamu, na ile Amri ya Kwanza haikuandikwa kwa ajili ya sanamu za miti tu.

Tena tunasema kwenu, ndugu zetu mlioletwa na mwaka 1972 na watoto wenu. Nanyi mna neno la kusikia. Tunajua kwamba wengine mlibeba vidonda pamoja na mizigo, na kwamba majina ya Mhutu na Mtutsi bado yanawaka katika nyumba fulani. Yasifike kwenye Meza ya Bwana. Mtu aliyeumizwa kwa kuitwa mgeni asimwite mwenzake nyoka.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulinde ulimi. Neno “wa kuja” na neno “mkimbizi” yasitumike kanisani kumtaja mtu aliyezaliwa kati yetu. Mtu ana jina lake la ubatizo, na hilo latosha. Utani ni mzuri, lakini mtani wa kweli ni yule atakayekuzika. Ukitaka kumtania mtu, uwe umekwisha kula kwake.

Pili, katika uchaguzi wa wazee, wa halmashauri ya kanisa na wa Umoja wa Akina Mama, hakuna atakayeulizwa asili yake. Mwenyekiti wa mkutano atakayesikia swali hilo alikataze pale pale, kwa sauti, kabla hajaendelea na jina lingine. Sisi tumekubaliana kufanya hivyo.

Tatu, wako ndugu wanaosumbuka kupata kitambulisho kwa kukosa mtu wa kuwashuhudia. Walimu, wazee na wajumbe mlio washiriki wetu, nendeni nao ofisini. Msiseme uongo, wala msimfiche mtu na sheria. Semeni tu mnalolijua, kwamba mtu huyu tumekua naye. Kushuhudia kweli kwa ajili ya jirani ni sehemu ya amri ya Mungu.

Nne, walimu wa Shule ya Jumapili wawasimulie watoto kwamba Bwana wetu alipokuwa mtoto mchanga alikimbizwa usiku kwenda Misri, na kwamba palikuwa na Mmisri fulani, jina lake hatulijui, aliyewapangisha chumba. Biblia haikumtaja, lakini bila mtu wa namna yake wangalilala wapi?

Ungamo letu

Tumeandika mengi, na bado hatujamaliza lile la kwanza. Baada ya majuma matatu tulikwenda nyumbani kwa ndugu yule jioni. Alitukaribisha, mama wa nyumba akatuletea uji wa ulezi. Tulimwambia kwamba siku ile tulimwacha peke yake na kwamba tumekuja kuomba radhi. Alisema kwamba amekwisha kusamehe, na kwamba tusijisumbue. Tungaliondoka tukiwa wepesi, lakini mkewe aliyekuwa mlangoni akauliza, “Wazee wangu, aliambiwa mbele ya kanisa lote. Ninyi mmekuja usiku. Na kanisani mtasema?”

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa uji wake kwa haya.

Basi jibu letu ni hili tunaloandika, na litasomwa katika makanisa yetu yote baada ya Sala ya Asubuhi. Tulinyamaza tulipopaswa kusema. Tulimpima ndugu yetu kwa jiwe lisilo la haki. Tunaungama mbele ya Mungu Mwenyezi, na mbele yake yeye, na mbele yenu. Na ndugu yule aliyepaza sauti, ambaye hatumtaji, tunamwomba apite njia tuliyopita, aende akaonje uji ule.

Na tuombe.

Ee Mungu, Baba wa mataifa yote, uliyemwita Ibrahimu atoke kwao asijue aendako, na uliyempokea Ruthu Mmoabu katika ukoo wa Mwanao: utusamehe kiburi cha damu na hofu ya jirani. Uwakumbuke walio njiani usiku huu, walio kambini, na walio mipakani. Uwape watawala wetu hekima ya kulinda nchi bila kuvunja jamaa za watu. Utufanye tukumbuke kwamba hapa duniani sote ni wapitaji, kama wazee wetu wenye mizigo katika njia ya Ujiji, na kwamba katika nyumba yako hakuna atakayeambiwa na ye yote kuwa si wa huko. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyekuja kwake, wala walio wake hawakumpokea. Amina.

Ni sisi wachungaji wenu, watumishi wenzenu katika Bwana.